Mguu wa Kreni

Matengenezo ya kila miezi mitatu yalipewa siku kumi. Siku kumi za kwenye karatasi. Ya kwanza iliishia kwenye kusubiri umeme wa gatini uunganishwe. Ya pili iliishia kwenye gwaride la kumuaga ofisa mmoja aliyehamishwa, ambaye nusu ya mabaharia hawakumjua hata sura. Kwa hiyo siku ya tatu, ambayo ilikuwa Jumatatu, mkuu wa sitaha alipopiga magoti chini ya kreni ya boti ya uokoaji na kuanza kugonga kutu, alikuwa ameshanuna.

Jina lake la kwenye vitabu lilikuwa refu na zuri, lakini hakuna aliyelitumia. Mabaharia walimwita Mama Nyundo. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyevuta kamba maisha yake yote, na miaka ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia kwenye meli za walinzi wa pwani. Watu wa nchi kavu wakisikia kazi yake walidhani anashinda akifukuza magendo na kuopoa watu mawimbini. Hakuwakatalia. Lakini ukweli ni kwamba kila saa moja ya kuokoa mtu ilikuwa na saa mia nyuma yake za kugonga, kukwangua, kupiga msasa, kupaka grisi na kupaka rangi. Chumvi ya bahari hailali. Unamaliza kupaka mbele, nyuma kumeshaanza kutoa machozi mekundu.

Asubuhi hiyo alikuwa ameanzia stoo. Mtunza stoo alikuwa mtu mpole, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni, na mabaharia walimwita Njoo Kesho.

"Rangi nyekundu ya kuzuia kutu," Mama Nyundo alimwambia. "Niliiomba tangu mwezi juzi."

"Nyekundu hakuna, Mama. Ya kijivu ipo, madebe kumi na mawili. Nyekundu njoo kesho."

"Ya kijivu ni ya juu. Nikianza na ya juu, ya chini nitaiweka lini?"

"Mimi natoa kilichopo."

"Nakuomba suruali, unanipa kofia."

Njoo Kesho alicheka kwa adabu, akaandika kitu kwenye kitabu chake, na Mama Nyundo akaondoka na madebe ya kijivu kwa sababu kuondoka mikono mitupu kungekuwa kushindwa mara mbili.

Sasa alikuwa akigonga. Mguu wa kreni ulikuwa bomba nene lililosimama juu ya bati la chuma, na pale lilipokutana na bati rangi ilikuwa imevimba vibofu vidogo kama ngozi iliyoungua. Aligonga kwa zamu, kushoto kulia, akisikiliza. Chuma kizima ukikigonga kinaimba, na kilichooza kinakohoa. Upande wa nyuma wa mguu, mahali pasipoonekana mpaka uingize kichwa chini kabisa, nyundo ilikohoa. Akagonga tena, na ncha yake ikazama kama kidole kwenye papai bovu.

Aliivuta. Palikuwa na tobo la ukubwa wa kidole gumba, na ndani yake unga wa kahawia uliolowa. Akaingiza kidole, akakizungusha, na kila alikogusa palibomoka.

Alikaa chini. Hakikuwa kitu kigeni kwake, na hilo ndilo lililomuuma. Miaka mitatu nyuma, chini ya nahodha mwingine, ilikuwa imebaki siku moja meli ikaguliwe, na yeye mwenyewe aliviona vibofu mahali hapahapa, vichache tu. Alijua kinachotakiwa: kugonga mpaka chuma cheupe kionekane. Hakukuwa na muda. Akapitisha msasa juu juu, akapaka rangi, akatia saini kwenye fomu. Ilikuwa imependeza sana. Nahodha yule alimpa mkono.

Nahodha wa sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, na hii ilikuwa meli yake ya kwanza. Sare yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ingekata mkate. Hakuwa mtu mbaya. Mbele za watu alimwita Mkuu wa Sitaha, na wakiwa wawili alimwita Mama. Mama Nyundo alipoingia ofisini kwake alikuwa ndiyo kwanza anaweka simu chini.

"Mama, umekuja wakati mzuri. Mkurugenzi anakuja Alhamisi saa nne, na watu wa magazeti. Anataka kuona meli, na anataka kuona boti ya uokoaji ikishushwa na watu watatu ndani."

"Boti haiwezi kushushwa, Afande. Mguu wa kreni umeoza."

Alimweleza. Nahodha alisikiliza huku akigeuza geuza kifuniko cha kalamu.

"Tobo la ukubwa gani?"

"La kidole gumba. Lakini tobo ni mdomo tu, Afande. Tumbo liko ndani."

"Kreni hiyo imebeba boti miaka yote."

"Na miaka yote imekuwa ikioza."

Nahodha alijifuta uso kwa viganja viwili. "Nikiwaambia makao makuu Jumatatu kwamba Alhamisi kreni haifanyi kazi, wataniuliza nilikuwa wapi miezi yote hii. Funika kombe mwanaharamu apite, Mama. Ijumaa tunalifunua, tunakata, tunachomelea, tunafanya kila unachotaka."

"Mwanaharamu ndiye Mkurugenzi?"

Nahodha alicheka bila kupenda, kisha akakunja uso. "Paka rangi. Ni amri."

"Na ruhusa yangu ya Alhamisi?"

"Alhamisi hakuna ruhusa ya mtu."

Ruhusa ile ilikuwa ya kumpeleka baba yake hospitali. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea mpaka alipostaafu, na sasa macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa apasuliwe la kulia Alhamisi. Mara ya kwanza tarehe ilipopangwa, meli iliitwa baharini usiku wa kuamkia siku hiyo. Mara ya pili hospitali haikuwa na lenzi. Mzee alikuwa ameshatangaza kwamba haendi popote bila binti yake mkubwa.

Jioni hiyo Mama Nyundo alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, bado ana rangi kwenye kucha. Mzee aliishi na binti yake mdogo, mwalimu wa shule ya msingi, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mwalimu alikuwa mezani akisahihisha madaftari. Alimtazama dada yake mara moja tu usoni akaelewa.

"Usiniambie, Dada."

"Wamefuta ruhusa."

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi sikubebei ujumbe huo. Wiki nzima nimembembeleza kama mtoto wa chekechea."

Mzee alikuwa kwenye kochi, redio iko pajani. "Nimesikia," alisema. "Nina macho mabovu, masikio ni mazima. Basi siendi. Daktari akinitoboa jicho vibaya nataka awepo mtu wa kugombana naye. Huyu mwalimu atamsahihisha tu kwa kalamu nyekundu."

"Baba, mimi ndiye ninayekupeleka kila kliniki," mwalimu alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo maana nakuonea huruma, upumzike."

Mwalimu akamletea dada yake chai, akairudisha kalamu mkononi kwa nguvu. Ndipo Mama Nyundo akaanza kusema, kwa kuwa mzee ni mtu wa chuma: kreni, tobo, ule unga wa kahawia. Akasema na habari ya miaka mitatu nyuma, ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Vibofu uliviona?" mzee aliuliza.

"Niliviona."

"Ukapaka."

"Nilipaka, Baba."

"Basi usimlaumu kijana wa watu peke yake."

Mama Nyundo alitarajia kitu kingine baada ya hapo, neno la kumtuliza, lakini mzee aliongeza sauti ya redio. Alikunywa chai yake ikiwa imepoa, akaenda kwake amekasirika zaidi ya alivyokuja, kwa sababu mzee hakukosea.

Jumanne aliitumia kutembea. Kumpata mchomeleaji wa karakana kulihitaji fomu ya nakala tatu, na mwenye kusaini fomu alikuwa kwenye mkutano wa maandalizi ya ziara. Bati jipya la chuma lilikuwepo stoo, kitabu kilisema hivyo, lakini Njoo Kesho alifungua mlango na kumwonyesha ukuta.

"Limekwenda kuziba geti la kambi," alisema. "Mgeni atapita pale."

"Mgeni njoo, mwenyeji azame," alisema Mama Nyundo.

Aliporudi melini alimkuta Injinia amekaa kwenye ngazi ya chumba cha mitambo, mtu mnene aliyejaa oili mpaka kwenye nyusi, akiwa na mipira mitatu ya kuziba pampu kiganjani.

"Tazama," Injinia alisema. "Pampu inavuja tangu mwaka jana. Nimeandika vipimo, nimechora, nimepiga picha. Wameniletea hii. Ni kama kumnunulia mtu mzima viatu vya mtoto mchanga, halafu vitatu."

Mama Nyundo akamwita aje kuangalia mguu. Injinia alilala chali sitahani kwa shida, akamulika tobo kwa tochi, akaguna.

"Kiraka?" Mama Nyundo aliuliza.

"Kiraka ukishone kwenye nini? Nguo yenyewe haipo. Hapa naweza kukupa ushauri au maombi, dada yangu. Ushauri: usisimame chini yake."

Mabaharia wote walisikia. Jumatano asubuhi nahodha aliamuru tena mguu upakwe rangi. Mama Nyundo aliwagawia watu wake kazi: wawili reli za kushoto, wawili kamba, mmoja milango. Mguu wa kreni hakumpa mtu. Nahodha akampa mmoja brashi, huyo akakumbuka anaumwa mgongo. Akampa wa pili, huyo akasema bila haya, "Afande, mimi namwogopa Mama kuliko gereza."

Saa saba Mama Nyundo alitoka kula, akapanda juu, na kumkuta mtu amepiga magoti chini ya kreni, amempa mgongo. Alikuwa nahodha. Ameikunja mikono ya shati, ana debe la kijivu, na anapaka taratibu, kwa uangalifu, kama mtu anayeficha kidonda. Tobo alilijaza kitambaa kwanza. Ukingo wa suruali yake nyeupe ulikuwa umeingia rangi.

"Sikutaka kumlazimisha mtu," alisema bila kugeuka.

Mama Nyundo alikuwa amekuja na maneno makali, ya siku tatu. Lakini kumuona kijana yule na brashi, anapaka vizuri namna ile, kulimkumbusha mtu, na mtu huyo hakuwa mbali. Akachuchumaa pembeni yake.

"Afande, nipe kitu kimoja. Kesho alfajiri, kabla ya mgeni, tushushe boti bila mtu. Tuweke madumu ya maji ndani, uzito wa watu watatu. Ikishuka, nitapanda mwenyewe mbele ya Mkurugenzi na nitampungia mkono."

Nahodha alichovya brashi.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema. "Na usimwambie mtu."

Kwenye meli ya watu kumi na wanane hakuna kitu kinachoitwa usimwambie mtu. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu wote walikuwa sitahani, wamevaa ovaroli juu ya sare zao nyeupe. Walipakia madumu kumi na mawili, ya lita ishirini ishirini. Mama Nyundo aliwasogeza watu nyuma hadi kwenye mlango wa chumba cha usukani, mmoja mmoja, akiwashika mabega. Yeye na nahodha walisimama kwenye kisanduku cha vitufe, mwisho wa waya wake mrefu.

Boti iliinuka vizuri. Ikapita juu ya reli vizuri. Ilipofika nje, juu ya maji, ikaning'inia mkono wa kreni ukiwa umenyooka wote, ukasikika mlio mmoja mkavu kama mlango uliofungwa na upepo. Mguu ulipasuka nyuma, pale pale. Kreni iliinama mbele pole pole, karibu kwa heshima, ikalalia reli na kuikunja, na waya ukakatika. Boti ilianguka mita nne, ikapiga maji kwa ubavu, na madumu yakaruka kila upande.

Dumu moja lilielea likizunguka. Kwenye mpasuko wa mguu kitambaa cha nahodha kilikuwa kinaning'inia, kijivu upande mmoja.

Nahodha alikaa chini pale pale sitahani, na sare yake. "Ningewaua," alisema. "Mama, ningewaua watu watatu."

"Tungewaua mimi na wewe," alisema Mama Nyundo. "Mimi niliipaka kabla yako."

Nahodha alipiga simu makao makuu akaeleza kila kitu, kwa sauti iliyonyooka. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: ziara iko palepale, funikeni kreni.

Wakafunika. Turubai la buluu juu ya kreni, kamba nne, na kwa mbali ilionekana kama tembo amelala. Boti walikuwa wameshaiopoa, ubavu wake umebonyea. Saa tatu na nusu walijipanga kwa mstari wakiwa weupe pe. Saa nne ikapita. Saa tano chuma cha sitaha kilianza kuchoma soli za viatu. Saa sita baharia mmoja alizimia kidogo, akakalishwa kivulini. Mama Nyundo alisimama mwisho wa mstari akihesabu: sasa mzee angekuwa anavishwa gauni, sasa anatiliwa dawa ya macho, sasa anagombana na nesi. Au yuko nyumbani na redio yake. Simu yake ilikuwa kabatini.

Saa saba na dakika ishirini ujumbe ukaja. Mkurugenzi alipata kikao kingine. Anawashukuru kwa maandalizi.

Injinia alivua kofia, akaitazama ndani kama anayetafuta kitu cha kusema, akaivaa tena. Nahodha alimgeukia Mama Nyundo. "Nenda," alisema.

Alikwenda na sare nyeupe, viatu vinang'aa, akasimama kwenye mapokezi ya hospitali huku watu wakimpisha wakidhani ni daktari. Aliwakuta ukumbini kwenye benchi. Mwalimu alikuwa amelala amekaa, mfuko wa dawa mkononi. Mzee alikuwa na bandeji nene juu ya jicho la kulia, ameinua kidevu kama mtu anayepigwa picha.

"Umechelewa," mzee alisema alipozisikia hatua zake. "Nimeshatobolewa."

"Ulikubali kuja?"

"Nilikubali nini? Huyu alinivuta. Alisema asipofika mwalimu darasani watoto hamsini wanashangilia, na asipofika kwa daktari baba mmoja anapofuka, kwa hiyo ameshachagua. Kumbe ana mkono mzito, mdogo wako."

Mwalimu alifungua macho. Mama Nyundo alitaka kumshukuru ipasavyo, lakini akaishia kumpokea mfuko wa dawa. "Samahani," alisema. "Kwa ile ya kwanza na ya leo."

"Bado la kushoto," alisema mwalimu. "Hilo ni zamu yako, sitaki kusikia."

Aliketi kati yao. Akamweleza mzee yaliyotokea. Mzee alisikiliza, jicho lake moja bovu likitazama ukutani.

"Madumu mangapi?" aliuliza mwishoni.

"Kumi na mawili."

"Vizuri," alisema mzee, akampapasa goti mara mbili, akakosea, akapapasa mfuko wa dawa.

Ikaundwa kamati ya kuchunguza kuanguka kwa kreni. Mama Nyundo aliandika maelezo kurasa mbili, ya pili ikiwa ya miaka mitatu nyuma, saini yake na vibofu vyake. Karani wa kamati aliirudisha ile ya pili. "Hii haihusiani," alisema. Mama Nyundo akampelekea tena. Karani akairudisha tena kesho yake, na yeye akaipeleka tena, mpaka karani akachoka akaibana pamoja na nyingine. Nahodha naye aliandika kwamba alipaka kwa mkono wake. Mwisho wake wote wawili walipewa barua za onyo: nahodha kwa kutotoa taarifa mapema, na Mama Nyundo kwa kuendesha jaribio bila kibali cha maandishi na kusababisha uharibifu wa mali. Cheo alichokuwa apandishwe mwaka ule kikaahirishwa. Aliisoma barua mara moja, akaikunja nne, akaenda chumba cha mitambo, akapiga teke ndoo tupu mpaka Injinia akatoka kuangalia kilichovunjika.

Bati jipya lilichukua wiki saba. Wiki ya tano meli iliitwa kumsaidia mtu na familia yake waliozimikiwa injini mbali na pwani. Bila kreni hakukuwa na boti ya kuwafuata. Ilibidi waisogeze meli nzima ubavuni mwao na kuwapandisha kwa ngazi ya kamba, mawimbi yakipanda na kushuka. Bibi mmoja wa familia ile hakuweza kupanda. Walimfunga mikanda, wakamvuta watu sita, akilia njia nzima, na ilichukua karibu saa nzima. Walimfikisha salama, mkono umechubuka. Mama Nyundo alimfunga dawa huku ameuma meno, na bibi akadhani amemkasirikia yeye.

"Siyo wewe, Bibi," alimwambia. "Siyo wewe hata kidogo."

Mchomeleaji alipokuja hatimaye, akakata bati la zamani, kutu ilikuwa imeingia chini ya sitaha karibu mita mbili, kuelekea kwenye winchi ya nanga. Nahodha, Injinia na Mama Nyundo waliinama kulichungulia shimo lile.

"Winchi ilipakwa lini?" nahodha aliuliza.

"Juzi juzi," alisema Mama Nyundo. "Ilipendeza sana."

Nahodha alikwenda kupiga simu kuomba siku kumi nyingine. Alipewa nne. Mama Nyundo alipiga magoti mbele ya winchi, akavuta miwani machoni, na kuanza kugonga upande wa kushoto.